Moshi ukitanda, ufuate taa ya rangi gani?

Swali: Nina gesti ya ghorofa mbili Mwanjelwa, Mbeya. Fundi ananiuliza taa ya juu ya mlango wa dharura iwe nyekundu au ya kijani. Kuna tofauti?

Jibu: Ipo, tena kubwa. Weka ya kijani. Taa za barabarani zimeshatuzoesha: nyekundu simama, kijani pita. Mgeni aliyeamshwa na moshi saa tisa usiku hana nafasi ya kutafakari, anafuata alichokizoea. Kwenye majaribio ya kuokoa watu majengoni, taa ya kijani inayowaka na kuzimika mlangoni imewavuta watu vizuri, ilhali nyekundu wapo wanaoielewa kuwa ni onyo wasipite. Ile alama ya mtu anayekimbilia mlangoni, iliyoanzia Japani, nayo ni ya kijani. Marekani utakuta maandishi mekundu kwenye majengo mengi, ila wenyewe wamekua nayo.

Swali: Si watu watakimbilia tu mlango walioingilia?

Jibu: Wengi ndivyo wanavyofanya, hata kama mlango wa pili uko hatua tano nyuma yao. Tena wakiona wenzao wanaelekea huko, wanaungana nao. Kazi ya taa ni kuwakumbusha kwamba njia nyingine ipo. Lakini nakuomba sana, usiweke taa juu ya mlango uliofungwa. Nimewahi kulala gesti moja nikiwa safarini, taa ya kijani inawaka vizuri kabisa na chini yake limening'inia kufuli. Taa ya namna hiyo ni mtego. Inamtoa mtu kwenye njia iliyo wazi na kumpeleka kwenye mlango usiofunguka, na moto haumpi muda wa kurudi.

Swali: Moshi ukiwa mzito, taa itaonekana?

Jibu: Iliyo juu ya mlango ndiyo inayopotea kwanza, kwa sababu moshi wa moto hupanda. Ongeza alama za chini, karibu na sakafu, au mkanda unaong'aa gizani, na taa ziwe na betri maana umeme unaweza kukatika palepale. Wageni wainame, ikibidi watambae. Moshi huo una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu huchanganyikiwa, miguu ikaisha nguvu, na hapo hata taa akiiona hawezi kuifikia. Ni gesi ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani baridi ya Juni na Julai inapokaza, kwetu Mbeya hadi Njombe na Mafinga.

Swali: Na asiyetofautisha rangi?

Jibu: Wapo, hasa wanaume, ambao nyekundu na kijani kwao zinafanana. Ndiyo maana lazima pawe na picha na mshale. Taa nayo imulike polepole, mara moja kwa sekunde inatosha. Mwanga wa harakaharaka unaweza kuamsha kifafa kwa baadhi ya watu.

Swali: Na mimi nikiwa mgeni?

Jibu: Ukishapewa ufunguo, kabla hujafungua begi, nenda mpaka kwenye taa ya kijani. Sukuma mlango uone kama unafunguka, kisha rudi ukihesabu vyumba hadi chako, ili gizani upapase ukuta. Ukikuta umefungwa, mwambie wa mapokezi aufungue usiku huohuo, na asipofungua, hama. Namba ya Zimamoto ni 114.