Je, wajua tarumbeta inaingiaje kwenye kinanda?

Jumamosi moja baada ya mazoezi ya kwaya huku kwetu Igoma, Mwanza, mama mmoja wa sauti ya kwanza ambae sisi vijana wote tunamwita mayu (yani mama, kwa Kisukuma) alinifuata pale kwenye kinanda, akakizunguka mpaka nyuma, akainama akachungulia zilipo waya, afu akaniuliza, "Hivi baba, huyu anayepuliza tarumbeta humu ndani anakaa upande gani?" Watu wakacheka na mimi nikacheka, ila nilivyopanda daladala kurudi nyumbani nikaona kabisa kwamba sikumjibu, nilimcheka tu, na ukweli ni kwamba nilikua napiga kinanda miaka sita bila kujua jibu lenyewe.

Jibu fupi ni kwamba mpuliza tarumbeta yupo kweli, au tuseme alikuwepo. Alikaa studio mbele ya maiki, akaambiwa puliza noti moja, nyamaza, puliza nyingine, nyamaza, siku nzima hivyo hivyo bila kupiga wimbo hata mmoja. Kila noti ikahifadhiwa peke yake, na vipande hivyo ndo tunaviita sampo. Ukibonyeza kii, yani kitufe cha kinanda, unamuita yule jamaa arudie ile noti aliyoipuliza siku ile. Sasa kama ni rahisi hivyo mbona kuna vinanda vinapiga tarumbeta hadi unageuka kutafuta bendi, na vingine vinatoa tarumbeta kama mbu aliyenaswa kwenye chupa?

Tuanze na hiyo kuhifadhi. Simika mti majini pale Kirumba karibu na Mwaloni, uuchore alama kama rula, kaa na daftari uwe unaandika maji yamefika alama ya ngapi. Ukiandika mara moja kwa dakika utakosa mawimbi yote, ukiandika haraka haraka sana ile safu ya namba inakupa umbo la wimbi lenyewe, na mtu aliyeko Dodoma anaweza akachukua daftari lako akalichora ziwa lilivyokua linacheza. Sauti nayo ni wimbi, la hewa, na kompyuta inafanya kazi ya huyo mtu wa daftari: kwa ubora wa CD inaandika mara 44,100 kila sekunde, na kila mara inachagua alama moja kati ya 65,536. Hiyo 44,100 haikuokotwa, sikio la binadamu mwisho wake ni kama mitikisiko 20,000 kwa sekunde (ukizeeka hata hiyo hufikii) na ili ulinase wimbi lazima ulipime zaidi ya mara mbili ya kasi yake.

Haya, umerekodi. Sasa fanya jaribio hili, mimi nililifanya na ilinifungua macho. Rekodi honi ya kivuko cha Kamanga kwa simu, sekunde nne tu, iingize kwenye programu yoyote ya muziki inayokubali sampo. Ukiipiga kwenye kii yake inatoka honi vilevile. Panda kii moja juu, programu inaisoma ile safu ya namba kwa haraka kidogo zaidi, mara 1.0595 ya mwendo wa kwanza, na honi inapanda nusu toni. Panda kii kumi na mbili, yani okteva nzima, mwendo unakua mara mbili. Okteva mbili mwendo mara nne, honi ya sekunde nne inaisha kwa sekunde moja, na hapo meli imeshageuka bodaboda. Ukishuka chini inageuka ng'ombe anaumwa tumbo.

Kwa nini inaharibika wakati noti iko sawa kabisa? Kwa sababu chombo kina mwili. Gitaa lina tumbo la mbao la ukubwa ule ule uwe unapiga waya mnene au mwembamba, na hilo tumbo lina milio yake inayoipendelea, haihami. Ukiharakisha rekodi umeharakisha na tumbo pia, umelifanya gitaa lisinyae, ndo maana sauti ya mtu ikiharakishwa inakua kama ya kikaragosi, umempa koo la panya. Dawa yake ni kurekodi noti nyingi, kila baada ya kii mbili tatu sampo mpya, ili isivutwe mbali na kwao. Wakarimu wanarekodi kila kii, na hapo ndo mambo ya memori yanapoanza kuuma: piano ina kii 88, tuseme kila moja sekunde kumi, na kila moja uirekodi kwa nguvu nne tofauti, hiyo ni sekunde 3,520, na kila sekunde ya stirio ya ubora wa CD inakula baiti 176,400, ukizidisha unapata kama megabaiti 620. Piano moja hiyo! Na vinanda vya miaka ya themanini vilikua na memori ambayo leo haitoshi picha moja ya simu yako.

Hapo kwenye nguvu nne usipite haraka. Mtu anayenong'ona ukimpandishia sauti kwenye spika hawi anapiga kelele, anakua mtu anayenong'ona kwa sauti kubwa. Piano iliyogongwa kwa nguvu haiwi tu kubwa, inang'aa, inakua na ukali ambao ile ya taratibu haina, kwa hiyo huwezi kurekodi mara moja afu ukapandisha voliumu. Kinanda kizuri kinapima kidole chako kilishuka kwa kasi gani, kinaipa namba kuanzia 1 mpaka 127 (utaratibu wa MIDI huo, lugha ya vinanda na kompyuta kuelewana, upo tangu 1983), na kwa hiyo namba kinachagua sampo ipi ilie. Kinanda cha bei rahisi kina sampo moja tu, uigonge uipapase ni ile ile, na hata asiyejua muziki anahisi kuna kitu kimekufa mle.

Watu walihangaika na hili kabla hata kompyuta hazijafika. Mwaka 1963 Waingereza walitoa chombo kinaitwa Mellotron, chini ya kila kii kuna kipande cha tepu kilichorekodiwa filimbi au vyombo vya nyuzi, ukibonyeza tepu inapita, na ilikua inaisha baada ya sekunde kama nane, ikibidi uachie kii irudi mwanzo. Yani kwaya ikiwa na noti ndefu umeumia. Afu 1979 pale Sydney, Australia, jamaa wawili, Peter Vogel na Kim Ryrie, wakatoa Fairlight CMI, kompyuta ya muziki iliyotumia sauti zilizorekodiwa kidijitali. Ninachopenda kwenye habari yao ni kwamba hawakutaka kurekodi. Walitaka kompyuta itengeneze sauti ya piano kwa hesabu, kuanzia sifuri, hesabu zikagoma, ndo wakaingia kwenye kurekodi, na wenyewe waliona kama wanadesa. Kudesa kwao kukawa ndo njia kuu. Miaka michache baadae, 1984, mvumbuzi Mmarekani Ray Kurzweil akatoa kinanda cha K250, kilichotokana na mazungumzo yake na mwanamuziki Stevie Wonder aliyekua anataka uwezo wa kompyuta ukutane na uzuri wa vyombo halisi, na ile piano yake ndo watu wakaanza kusema eeh, hii sasa.

Lakini siri kubwa kwangu haiko kwenye memori, iko kwenye mwanzo wa sauti. Mfaransa mmoja, Pierre Schaeffer, miaka ya arobaini mwishoni alirekodi kengele akakata kile kipigo cha mwanzo akabakiza mlio unaofuata, na kengele ikaacha kuwa kengele, ikawa inafanana na chombo cha kupuliza. Jaribu mwenyewe na piano, kata kipande cha mwanzo tu, kidogo sana, mpigie mwenzio aliyefumba macho, atapata shida kukwambia ni nini. Ule mlio wa nyundo kugonga waya, pumzi inayokwaruza mdomo wa tarumbeta kabla noti haijasimama, kucha kwenye uzi, hapo ndo sikio linasoma jina la mtu, baadae linasikiliza tu. Kampuni ya Roland ya Japani walilijua hili vizuri, kinanda chao cha D-50 cha mwaka 1987 kilikua kinaweka rekodi halisi kwenye mwanzo tu, kwa kuwa memori ilikua ghali, afu mlio unaobaki unatengenezwa na mitambo ya ndani. Sikio halishtuki.

Na kwa kuwa mlio wa katikati hauna mambo mengi, wanaulazimisha ujirudie. Tarumbeta ilirekodiwa sekunde tatu, wewe umeshikilia kii sekunde ishirini, inatoka wapi? Kipande cha katikati kinazungushwa, lupu, kikifika mwisho kinarudi mwanzo wake. Ni kama fundi cherehani anaunga vitenge viwili, maua yasipokutana kwenye mshono kila mtu ataona. Wimbi likiunganishwa vibaya unasikia tik, tik, tik, ama sauti inapumua kama mtu mwenye pumu. Shikilia noti ndefu kwenye kinanda chochote uvae hedifoni usikilize, ukishausikia mshono mara moja hutaacha kuusikia, na samahani kwa hilo.

Kwenye ngoma shida ni nyingine. Snea (ile ngoma kali ya kwenye drams) ya kompyuta ikipigwa haraka haraka inalia kama bunduki, tratratratra, kwa sababu ni kipigo kile kile neno kwa neno, wakati mpiga ngoma hata awe fundi namna gani hawezi kupiga vipigo viwili vinavyofanana. Nenda Bujora kwenye makumbusho ya Wasukuma siku kuna ngoma ukae karibu, fimbo inagusa ngozi sehemu tofauti kidogo kila mara. Kwa hiyo waandaaji wa sampo wanarekodi kipigo hicho hicho mara nne, sita, nane, na programu inakua inapokezana, wewe leo, wewe kesho.

Afu kuna sisi wapigaji, lawama zote tusimtupie kinanda. Mpuliza tarumbeta anapumua. Mimi nilikua nashikilia tarumbeta mstari mzima wa ubeti bila kuachia, binadamu angeshazimia, na tena napiga noti tano kwa mkono mmoja wakati tarumbeta moja inatoa noti moja. Siku nilipoanza kuachia kii pale ambapo mtu angevuta pumzi, kinanda kile kile cha zamani, watu wakaniuliza nimenunua kipya.

Sasa mbona kwenye vinanda hivi unakuta mpaka vyombo vya Japani na India afu unatafuta nyatiti, chombo cha nyuzi cha Wajaluo kilichoko hapo hapo Rorya na ng'ambo Kenya, humo haimo? Mimi na mshkaji wangu tukasema tutaitengeneza wenyewe. Tukampata mzee mmoja jirani, mpigaji, chombo chake kina nyuzi nane kama kawaida ya nyatiti, tukatandika mablanketi ukutani chumbani kwake Nyakato, simu moja na maiki moja ya kuazima, kila uzi tukaurekodi taratibu, wastani na kwa nguvu, mara nne nne. Ukipiga hesabu ni sampo 96, kazi ya jioni moja, tulivyodhani.

Tulivyofika kwenye laptopu tukakuta kila sampo ina bodaboda kwa mbali. Kwenye noti moja huisikii, ila ukipiga noti tatu pamoja ni bodaboda tatu, na ukipanda juu ya kibodi nazo zinapanda, zinaongeza gia! Makelele yote yaliyoko kwenye sampo yanajumlishwa kila unapoongeza kidole, ndo maana wenye studio wanalipia ukimya ghali kuliko maiki. Tukarudia usiku wa manane. Shida ya pili, tulizipanga nyuzi kwenye kii na programu ikataka kuzisawazisha zifuate noti za piano, na mzee anatega nyuzi zake kwa sikio, sio kwa piano, tukaizima ile kitu na nyatiti ikarudi kuwa nyatiti.

Tukampelekea asikilize. Mshkaji akapiga vizuri tu, mzee akatega sikio, akasema nyuzi ni zangu hizo, ila huyu anayepiga hana mguu. Kumbe kweli. Mpiga nyatiti anavaa pete ya chuma kidole gumba cha mguu, anaigonga kwenye mbao ya chombo huku vidole vya mkono vinacheza, na mguuni anafunga njuga, na sisi tulimwambia avue vyote ili visituchafulie rekodi.

Jumamosi iliyofuata tukarudi na blanketi zetu kurekodi pete peke yake. Vipigo kumi na viwili, na kimoja kina jogoo.