Mji Mkongwe wa Warsaw una umri gani?

Wengi wanaotembezwa kwa miguu katika Mji Mkongwe wa Warsaw, Poland, huamini kwamba nyumba zile za rangi rangi kwenye uwanja wa soko zimesimama tangu enzi za kati. Si ajabu, maana vichochoro ni vyembamba na kila kitu kinaonekana cha kale.

Kumbe zaidi ya asilimia 85 ya eneo hilo ilibomolewa katika Vita Kuu ya Pili, sehemu kubwa kwa makusudi na Wajerumani baada ya maasi ya 1944 ya wakazi dhidi yao. Nyumba za uwanjani zilikamilika mwaka 1953. Kasri la Kifalme lilianza kujengwa upya 1971. Mafundi walifuata ramani za kabla ya vita na hata michoro ya rangi ya karne ya 18. Mpangilio wa mitaa, lakini, ni wa kale kweli. Mwaka 1980 mji uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia kwa ajili ya ujenzi huohuo, ambao binafsi naona unavutia kuliko umri wa kuta.

Ukitaka kuhakikisha, tafuta picha za uwanja huo za 1945 uzilinganishe na za leo, au soma maelezo ya orodha hiyo mtandaoni.