Kuongoza kwa kura si kushinda: magavana wa zamani wa Marekani na bunge

Dhana inayochosha kuliko zote ni hii: aliyeongoza kwa kura za ugavana ndiye mshindi, na bunge la jimbo likimweka mwingine, limepora. Wanafunzi huja nayo kila muhula, na waandishi wa makala huirudia bila kufungua katiba ya jimbo.

Ukweli ni kwamba katika majimbo ya New England, kaskazini mashariki mwa Marekani, aliyeongoza alikuwa bado hajashinda kitu. Katiba ya Massachusetts ya 1780 ilimtaka gavana apate zaidi ya nusu ya kura zote. Asipopatikana mtu huyo, Baraza la Wawakilishi liliteua kwa kura wawili kati ya wanne waliotangulia, kisha Seneti ikachagua mmoja wao. Ilikuwa duru ya pili ya uchaguzi uleule, ila waliorudi kupiga kura ni wabunge, si wananchi.

Kinachowaponza wasomaji ni jedwali lenye majina mawili tu. Kura za vyama vidogo na za majina ya huku na kule huachwa nje, kumbe zinahesabiwa katika jumla. Tazama uchaguzi wa gavana wa Massachusetts, 1839: Marcus Morton 51,034, Edward Everett 50,725, wengineo 307. Jumla ni 102,066, nusu yake 51,033. Jedwali fupi litakuambia Morton alishinda kwa kura 309. Kwa kweli aliivuka nusu kwa kura moja. Kura yake moja tu ingemwendea Everett, angebaki na nusu kamili, na nusu kamili si zaidi ya nusu. Shauri lingekwenda bungeni hali bado anaongoza kwa 307.

Kwa hiyo jumlisha kura zote kwanza, gawa kwa mbili, ndipo umtazame anayeongoza. Na tafadhali tuache kusema "nusu jumlisha moja". Kura zikiwa 101, nusu ni 50.5 na mwenye 51 ameshinda. Kwa kanuni hiyo ya mdomoni angedaiwa 51.5.

Bunge halikulazimika kumpa aliyetangulia. Vermont, 1853, John S. Robinson alikuwa wa pili kwa kura za wananchi na bunge likamchagua yeye. Sharti hilo lipo Vermont mpaka leo: Januari 2015 Peter Shumlin, aliyeongoza bila kufika nusu, alithibitishwa kwa kura 110 dhidi ya 69 za wabunge.

Dhana: Zamani magavana wote walichaguliwa na bunge. Si kweli. New York, tangu 1777, wenye ardhi ya thamani ya paundi 100 walimchagua gavana wenyewe, na huko Connecticut na Rhode Island wananchi walimchagua gavana wao tangu ukoloni. Lakini Virginia, Maryland, New Jersey na Carolina zote mbili (North na South) mwananchi hakupiga kura ya gavana kabisa. Usihangaike kutafuta kura za wananchi zilizompa Thomas Jefferson ugavana wa Virginia mwaka 1779: zile 67 dhidi ya 61 za John Page ni za wabunge, katika duru ya pili. Virginia iliacha utaratibu huo 1851, South Carolina 1865.

Dhana: Marekebisho ya 17 ya Katiba ya Marekani, ya mwaka 1913, ndiyo yaliyoufuta utaratibu wa bunge kumchagua gavana. Hayo yanahusu maseneta wanaokwenda Washington. Kuhusu gavana, kila jimbo lilibadili katiba yake lenyewe, kwa wakati wake.

Dhana: Bunge kumchagua gavana ni kuvunja Katiba ya Marekani. Mahakama ya Juu ilishalijibu hilo Desemba 1966, kwa majaji 5 dhidi ya 4, katika kesi ya Georgia: si kuvunja Katiba. Katika uchaguzi wa gavana wa jimbo hilo mwaka huo, Howard Callaway alikuwa ameongoza bila kufika nusu. Mwezi uliofuata bunge la Georgia likamchagua Lester Maddox, aliyekuwa wa pili, kwa kura 182 dhidi ya 66.