Je, wajua kwa nini darasa la sita na la saba yatamaliza pamoja mwaka 2027?

Mzazi wa Igoma au Kirumba jijini Mwanza ambaye mwaka 2024 alikuwa na mtoto mmoja darasa la tatu na mwingine darasa la nne, ajiandae kushona sare mbili za kidato cha kwanza kwa mpigo. Watoto hao wote wawili watamaliza elimu ya msingi mwaka 2027, mmoja akitokea darasa la sita na mwenzake darasa la saba. Chanzo chake ni Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania ya mwaka 2014, toleo la 2023, iliyopunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita na kuweka elimu ya lazima ya miaka kumi, yaani sita ya msingi na minne ya sekondari.

Mtaala mpya haukuingia madarasa yote siku moja. Januari 2024 ulianza katika elimu ya awali, darasa la kwanza na la tatu, huku waliokuwa darasa la nne na kuendelea wakiachwa wamalizie mtaala wa zamani hadi la saba. Kwa hiyo kila Januari mpaka kati ya mitaala hiyo miwili hupanda darasa moja, na ifikapo 2027 unakuwa umekaa katikati ya la sita na la saba.

Hapo ndipo linapozuka jambo ambalo wazazi wengi hawajalipigia hesabu. Kwa kawaida mwanafunzi asiyefaulu Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne hukariri darasa, na wenzake humtangulia kwa mwaka mzima. Lakini aliyekariri darasa la nne mwaka 2025 alijikuta ameangukia kwenye kundi la mtaala mpya, akaingia la tano mwaka 2026, na atamaliza la sita mwaka 2027, mwaka ule ule ambao wenzake waliomwacha nyuma watakuwa wakimaliza la saba. Mwaka aliodhani ameupoteza umefidiwa na darasa lililofutwa.

Mzigo mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, umewaelemea walimu. Katika darasa la kwanza na la pili mwalimu hukaa na watoto wake akiwafundisha kusoma, kuandika na kuhesabu, lakini kuanzia la tatu walimu hugawana masomo na kuzunguka kutoka mkondo hadi mkondo. Uwiano unaotakiwa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, hivyo shule yenye wanafunzi 900 inastahili ikama, yaani idadi kamili, ya walimu 20. Ikiwa nao pungufu, mwalimu mkuu huunganisha mikondo A na B katika chumba kimoja, madawati yakabanana hadi mlangoni. Sasa mwalimu huyo huyo anayezunguka hulazimika kuandaa maandalio ya somo ya aina mbili: asubuhi Jiografia na Mazingira kwa watoto wa mtaala mpya, na baada ya mapumziko Maarifa ya Jamii kwa darasa linalowatangulia.

Kwenye mialo, yaani maegesho ya mitumbwi ya uvuvi, ya Ukerewe na Sengerema kuna la ziada, kwa kuwa familia za wavuvi huhama kufuata samaki na dagaa. Mtoto anayehamishwa husafiri na namba yake ya PREM, inayomtambulisha katika mfumo wa Baraza la Mitihani, na shule inayompokea humweka katika darasa lile lile alilotoka, hivyo hubaki kwenye mtaala wake ule ule.

Kuanzia 2028 shule za msingi za mtaala huo hazitakuwa na darasa la saba. Vyumba vyake vitaweza kupewa mikondo ya awali na darasa la kwanza, ambako msongamano ni mkubwa, na walimu wake watagawiwa masomo ya madarasa yaliyobaki. Mbanano utahamia sekondari za kata, zitakazopokea makundi mawili ya kidato cha kwanza mwezi mmoja na kuyabeba pamoja hadi kidato cha nne.