Unene na operesheni ya nyonga: hatari iko wapi hasa

Mgonjwa mnene aliyewekewa nyonga bandia hupata nafuu ya maumivu inayokaribia ile ya mgonjwa mwembamba, na kwa kuwa aghalabu huanza akiwa katika hali mbaya zaidi, maendeleo yake huweza hata kuwa makubwa zaidi. Nalitanguliza hili kwa makusudi, kwa sababu wengi wanaonijia hapa Lubumbashi wamekwisha kuambiwa kwamba unene peke yake unawanyima operesheni.

Kinachobadilika ni hatari, na inayonisumbua zaidi ni maambukizi. Mafuta yaliyo chini ya ngozi hupata damu kidogo, hivyo kidonda hutoa majimaji kwa muda mrefu na dawa hufika kwa shida; ndiyo maana mgonjwa wa kilo 120 au zaidi hupewa gramu 3 za sefazolini, dawa ya kuzuia maambukizi, kabla ya kupasuliwa, badala ya gramu 2. Operesheni yenyewe hurefuka, kwa kuwa mpasuaji hufanya kazi kwenye kina, na ni rahisi kikombe cha nyonga bandia (sehemu inayoshika kichwa cha kiungo) kukaa vibaya, jambo ambalo, pamoja na unene wa mapaja yanayosukumana, huweza kukifanya kiungo kiteguke. Hata mkunjo wa kinena, unaotoka jasho katika joto letu la Oktoba, nauchunguza: kukiwa na vipele, tunangoja.

Kwa kipimo cha kilo zikigawanywa kwa kipeo cha pili cha urefu katika mita, unene uliopindukia huanzia 30. Mwaka 2013 wapasuaji wa nyonga na magoti wa Marekani walishauri kufikiria kuahirisha operesheni kwa aliyezidi 40, ambako hatari hupanda sana. Mimi sikifanyi kiwango hicho kuwa sheria. Mwenye 41 na sukari iliyotulia hunitia wasiwasi mdogo kuliko mwenye 36 ambaye sukari yake imepanda na albumini yake, yaani protini ya damu, iko chini, maana mtu mnene naye huweza kuwa na utapiamlo, hasa sahani yake ikiwa bukari (ugali wetu) tupu na mboga kidogo.

Kupunguza uzito nako kuna ugumu wake mjini kwetu, ambako anayekonda hudhaniwa kuwa mgonjwa. Kwa hiyo mimi huomba mke, mume au watoto wakubwa waje tuzungumze pamoja. Nawakataza kumfungisha mgonjwa njaa, kwani kidonda kinahitaji samaki, maharagwe na mayai. Bukari ndiyo ipungue, pia bia. Akirudi sukari ikiwa imetulia na ngozi ikiwa safi, ingawa mizani haijashuka sana, kwa kawaida nampangia tarehe.