Koo la Mtoto Linapouma Ghafla: Muda wa Kupima Upo

Kila msimu wa baridi unapoingia hapa Nairobi, kuanzia Juni hadi Agosti, naletewa watoto wengi wanaolia wakimeza hata mate, na wengi wao wameshapewa amoksilini ya siku mbili tatu kutoka duka la dawa bila mtu yeyote kuwafumbua kinywa na kutazama. Mimi ni daktari wa watoto, na jambo hili hunisikitisha, kwa sababu maumivu mengi ya koo huletwa na virusi, na antibiotiki haziviwezi.

Bakteria tunayoihofia ni Streptococcus pyogenes, ya kundi A, ambayo kwa kifupi huitwa strepu. Huenea kwa matone ya mate na makamasi, hasa watoto wanapobanana darasani au bwenini, na dalili hujitokeza siku 2 hadi 5 baada ya kuambukizwa. Huwashika zaidi wenye umri wa miaka 5 hadi 15. Chini ya miaka 3 ni nadra.

Ugonjwa huu huanza kwa ghafla: mtoto aliyekuwa akicheza asubuhi anashikwa na homa kali jioni, kichwa kinauma, na pengine tumbo pia, hata akatapika. Nikimulika kwa tochi naona mafindofindo mekundu yaliyovimba, mara nyingi yenye madoa meupe ya usaha, na wakati mwingine vidoa vyekundu kwenye kaakaa laini; nikipapasa chini ya taya, tezi zimevimba na mtoto anashtuka kwa maumivu. Muhimu vilevile ni kile kisichokuwepo. Kikohozi, makamasi, macho mekundu na sauti iliyokauka huelekeza kwenye virusi.

Hata hivyo, macho ya daktari hayatoshi, kwani virusi navyo huweza kuleta usaha kooni. Ndiyo maana mtoto mwenye dalili hizi hupanguswa mafindofindo kwa kijiti chenye pamba, na kipimo cha haraka hutoa jibu kwa dakika chache. Kikionyesha hana bakteria hiyo, sampuli huoteshwa maabara kwa siku 1 hadi 2, kwa kuwa kipimo hicho hukosa baadhi ya wagonjwa.

Wazazi huniuliza kama kusubiri si hatari. Hofu yao ina msingi, maana strepu isiyotibiwa huweza kuleta homa ya rumatiki wiki chache baadaye, nayo huharibu vali za moyo, tatizo ambalo bado tunaliona Kenya. Lakini matibabu yakianza ndani ya siku 9 tangu koo lilipoanza kuuma, bado huikinga homa hiyo, kwa hiyo siku mbili za maabara hazimdhuru mtoto aliye na hali nzuri. Anayeshindwa kupumua, kufungua kinywa au kumeza mate asisubiri. Apelekwe hospitali mara moja. Kumkata kimeo, kama wengine wanavyoshauriwa, hakuondoi bakteria, na humweka katika hatari ya kuvuja damu.

Kipimo kikithibitisha, penisilini au amoksilini ya kunywa hutolewa kwa siku 10 kamili, hata kama homa imekwisha siku ya tatu.