Ngawira: pesa iliyosukuma manowari za enzi ya matanga

Anayesoma riwaya za manowari za Uingereza za wakati wa amirali Nelson na Napoleon hukutana na tukio hili kila baada ya sura chache. Mlinzi aliye juu ya mlingoti anapaza sauti kwamba ameona tanga upande wa demani, kule upepo unakokwenda, na kabla bendera ya chombo hicho haijajulikana, mabaharia wameshaanza kupiga hesabu. Nahodha naye, ambaye sura iliyopita alikuwa akihubiri wajibu na heshima ya mfalme, anaangalia upeo wa macho kwa tamaa isiyofichika. Wasomaji hugawanyika hapo. Wengine humwita mlafi, wengine humwita haramia mwenye sare. Nadhani wote wanakosea, kwa sababu wanaisoma ngawira kama wizi. Ilikuwa mfumo wa sheria wenye mahakama, mawakili, ada na rufaa, na mara nyingi mtu aliyemtisha nahodha kuliko adui alikuwa jaji.

Katika riwaya hizi ngawira ni fedha iliyopatikana kwa kuuza chombo cha adui pamoja na shehena yake, baada ya mahakama kutamka kwamba kilitekwa kihalali, kisha ikagawanywa kwa waliokiteka. Kwa asili chombo hicho kilikuwa mali ya Taji la Uingereza, yaani mfalme na dola yake. Tangu sheria ya 1708, Taji liliwaachia mabaharia wake haki hiyo ili kuwatia hamu ya kuwinda meli za adui.

Sababu ya ukarimu huo haikuwa upendo. Mshahara wa baharia mzoefu ulikuwa shilingi 24 kwa mwezi wa siku 28, na kiwango hicho kilikaa bila kubadilika tangu 1653 hadi 1797, mwaka ambao mabaharia waligoma kule Spithead, maegesho ya manowari karibu na Portsmouth, wakapandishiwa kufikia shilingi 29 na nusu. Tena mshahara wenyewe ulicheleweshwa kwa miezi mingi, wakati mwingine miaka, ili watu wasitoroke. Wengi walikuwa wamekamatwa kwa nguvu bandarini wakaingizwa kazini. Serikali isiyotaka kulipa vizuri iligundua kwamba inaweza kuwalipa watu wake kwa matumaini, na gharama ya matumaini hayo ikabebwa na wafanyabiashara wa Ufaransa na Hispania.

Mgawanyo ndio unaowachanganya wasomaji zaidi, kwa hiyo tukae hapo kidogo. Kabla ya 1808 fedha ilikatwa mafungu manane. Nahodha alichukua matatu, na kama alikuwa chini ya amirali, fungu moja kati ya hayo matatu lilikwenda kwa amirali huyo, hata kama siku ya tukio alikuwa mamia ya maili mbali akinywa divai. Fungu moja waligawana maluteni, ofisa wa urambazaji na kapteni wa askari wa majini. Jingine lilikuwa la serehangi (msimamizi wa mabaharia), mkuu wa mizinga, seremala, tabibu, mtunza stoo na wa daraja lao. Jingine likaenda kwa wanafunzi uofisa na vyeo vidogo. Mafungu mawili yaliyobaki ndiyo yaliyogawiwa mabaharia wote wengine, ambao kwenye frigeti, manowari ya ukubwa wa kati yenye kasi, wangeweza kuwa zaidi ya mia mbili. Mwaka 1808 kanuni zilibadilishwa, nahodha akapunguziwa na watu wa chini wakaongezewa, ingawa si kwa kiasi cha kubadili sura ya mambo.

Chukua mfano wa Oktoba 1799. Frigeti nne za Uingereza ziliziteka frigeti mbili za Hispania, Thetis na Santa Brigida, zilizokuwa zikitoka Vera Cruz zikiwa zimejaa fedha. Kila nahodha alipata pauni 40,730. Kila baharia wa kawaida alipata kama pauni 182. Yaani nahodha alichukua zaidi ya mara 220 ya mtu aliyevuta kamba. Dhulma? Bila shaka. Lakini baharia mzoefu wa mwaka huo alikuwa akilipwa kama pauni 19 kwa mwaka, kwa hiyo asubuhi moja ilimpa mshahara wa zaidi ya miaka tisa. Ngawira ya mwaka 1762 ilikuwa kubwa zaidi: merikebu ya Kihispania Hermione, iliyokuwa ikitoka Peru na ambayo watu wake hawakujua hata kwamba vita vimetangazwa, iliwapa manahodha wawili kama pauni 65,000 kila mmoja, na kila baharia kama pauni 485. Habari za namna hiyo zilizunguka kwenye baa za bandarini kwa vizazi, na kila kijana aliyesikia aliamini kwamba zamu yake inakuja. Kwa wengi haikuja kamwe.

Kanuni nyingine inayofaa kujulikana ni ile ya kuonekana. Manowari yoyote ya mfalme iliyokuwa ikionekana wakati chombo kinajisalimisha ilistahili mgawo, hata bila kufyatua risasi, kwa hoja kwamba kuonekana kwake kulimvunja adui moyo. Ndiyo maana katika riwaya utamwona nahodha, akiwa katikati ya kumfukuza adui, anakasirika anapoona milingoti ya rafiki ikichomoza. Msaada huo ungemkata mfukoni. Mwandishi anayeijua kanuni hii hutengeneza kichekesho kizuri kwa sentensi moja tu, na msomaji asiyeijua hubaki akishangaa kwa nini watu wanawanunia wenzao.

Baada ya kuteka, kazi ya hatari ilikuwa imefika nusu tu. Kikosi kidogo, mara nyingi chini ya mwanafunzi uofisa wa miaka kumi na kitu, kiliwekwa ndani ya chombo kukipeleka bandari yenye mahakama. Mateka wangeweza kuwageuka. Adui angeweza kukiteka tena. Kikifika salama, nyaraka zake zote zilikabidhiwa mahakamani, na mabaharia waliotekwa wakahojiwa kwa maswali maalumu yaliyoandikwa: chombo ni cha nani, kilitoka wapi, shehena ni ya nani, je, kuna karatasi zilizotupwa baharini? London kesi hizi zilisikilizwa na Mahakama Kuu ya Mambo ya Bahari, ambayo tangu 1798 iliongozwa na Sir William Scott, jaji ambaye hukumu zake ziliheshimiwa hata na mataifa yaliyoshindwa mbele yake. Ng'ambo, Malta, Jamaika na kwingineko, zilikuwepo mahakama ndogo.

Hapo ndipo nchi zisizofungamana na upande wowote zilipoingia. Chombo cha Marekani au Denmark kilichobeba shehena kingeweza kuwa halali kabisa, au kingeweza kuwa cha Mfaransa aliyevaa bendera ya kuazima na kubeba seti mbili za nyaraka. Nahodha aliamua papo hapo, kwenye mawimbi. Akikosea na jaji akaamuru chombo kirudishwe, aliweza kudaiwa gharama na fidia kutoka mfukoni mwake, naye alikuwa na mshahara tu. Ukisoma sura ambamo nahodha anapekua vitabu vya shehena usiku kucha badala ya kulala, usiiruke. Anacheza kamari na nyumba yake ya baadaye.

Hata ushindi mahakamani haukumaanisha pesa mkononi. Kulikuwa na wakala wa ngawira aliyesimamia mauzo na kuchukua asilimia yake, wakili, makarani, ada za kila muhuri. Baharia aliyehamishiwa manowari nyingine angeweza kungoja miaka, na wengi waliuza haki yao kwa wakopeshaji wa bandarini kwa bei ya hasara. Mafungu ambayo hayakudaiwa yalikwenda Hospitali ya Greenwich iliyowatunza mabaharia wazee, jambo ambalo angalau si la aibu.

Lord Cochrane, nahodha wa Kiskoti ambaye maisha yake yamechotwa na waandishi wa riwaya za aina hii kuliko ya mtu mwingine yeyote, alipambana na mfumo huu maisha yake yote. Mei 1801, akiwa na Speedy, chombo kidogo chenye mizinga 14 ya kuchekesha na watu 54, aliiteka frigeti ya Kihispania El Gamo iliyokuwa na zaidi ya watu 300. Ungetegemea utajiri. Lakini jeshi la majini halikuinunua. Iliuzwa kwa mtawala wa Algiers kwa bei ya kutupa. Mwaka 1811 alikwenda Malta kuchunguza ada za mahakama ya huko, akabandua orodha ya ada, akafungwa, akatoroka gerezani kwa kamba, kisha akaenda kulisomea Bunge ankara ndefu ya mahakama hiyo. Kwa madai yake, mtu mmoja alishika vyeo viwili pale akawa anajitoza ada kwa kushauriana na nafsi yake. Mwandishi wa kubuni angeogopa kuandika hivyo.

Maamirali nao waligombana. Nelson na Earl St Vincent, watu walioheshimiana sana, walifikishana mahakamani kuhusu nani alikuwa na haki ya fungu la amirali baada ya mmoja kurudi Uingereza, na mwaka 1803 Nelson akashinda. Anayedhani mapenzi ya fedha ni ya wahusika wabaya tu katika riwaya hizi aikumbuke kesi hiyo.

Yako pia matukio ambayo fedha ilionekana kisha ikayeyuka. Tarehe 5 Oktoba 1804 frigeti nne za Uingereza zilizizuia nne za Hispania zilizobeba hazina kutoka Amerika ya Kusini. Moja, Mercedes, ililipuka na kuua watu zaidi ya mia mbili. Tatu zikatekwa zikiwa na mali nyingi mno. Lakini nchi hizo hazikuwa vitani bado, Hispania ilitangaza vita Desemba, kwa hiyo mahakama ilisema mali ni ya Taji moja kwa moja, na waliopigana wakapewa sehemu ndogo kwa hisani. Mwaka uliofuata, baada ya vita vya baharini vya Trafalgar, dhoruba ilizamisha au kulazimisha kuchomwa kwa merikebu nyingi zilizotekwa, na nne tu zikafika Gibraltar. Bunge lilitoa pauni 300,000 kuwapoza mabaharia, na hata hivyo baharia wa kawaida aliambulia pauni sita na ushei kwa jumla. Vita kubwa kuliko zote ililipa vibaya kuliko kuteka jahazi moja la sukari.

Jambo hilo liliathiri namna vita vilivyopiganwa. Kuzingira Brest, bandari ya manowari za Ufaransa, mwaka mzima kwenye baridi na ukungu kulikuwa ndiko kulikoilinda Uingereza, lakini hakukuwa na ngawira. Safari ya frigeti peke yake huko Karibi ilikuwa nayo. Amirali alikuwa na uwezo wa kumpa mwanawe au kipenzi chake safari hiyo, na alifanya hivyo. Katika riwaya nyingi uadui kati ya manahodha unaanzia hapa, si kwenye siasa.

Mfumo huu ulifika hadi pwani yetu kwa sura nyingine. Katika karne ya 19 Bunge la Uingereza lilitoa tuzo kwa manowari zilizokamata vyombo vya watumwa, na kufikia miaka ya 1860 na 1870 kiwango kilikuwa pauni 5 kwa kila mtu aliyekombolewa, au malipo kwa tani za chombo kama hakikuwa na watumwa. Kati ya Kilwa, Zanzibar na Pemba, wanamaji walifukuza majahazi na mitepe kwa mashua. Mara nyingi walishindwa kukiburuta chombo dhidi ya upepo hadi Zanzibar, hivyo walikipima wenyewe, wakakichoma baharini, na kupeleka mahakama ya konseli wa Uingereza makaratasi tu. Lawama zikazuka kwamba majahazi ya biashara halali yalichomwa, kwamba tani zilikuzwa, na kwamba mtumwa wa nyumbani aliyekuwa akifanya kazi ya ubaharia alitosha kuhesabiwa kuwa ushahidi. Manahodha wa pwani walipoteza chombo na shehena kabla ya kufika mbele ya yeyote wa kuwasikiliza.

Lawama hizo hazifuti ukweli kwamba maelfu waliokolewa kutoka kwenye ngama za majahazi yale, wala kwamba wanamaji walikufa kwenye kazi hiyo. Kapteni Brownrigg wa HMS London, manowari kuukuu iliyotia nanga Zanzibar kuanzia 1874, aliuawa karibu na Pemba mwaka 1881 alipolikaribia jahazi lililokuwa na bendera ya Ufaransa. Lakini kati ya Brest na Pemba kulikuwa na tofauti kubwa. Mfaransa aliyetekwa alikuwa na jaji aliyesoma nyaraka zake na kuwahoji watu wake kabla chombo hakijauzwa. Mwenye jahazi la Pemba alihukumiwa na mtu yuleyule aliyekuwa akisubiri tuzo, na ushahidi wake ulikuwa umeshateketea.

Huko Uingereza kwenyewe, haki ya mabaharia kugawiwa ngawira ilifikia mwisho kwa sheria ya 1948, ambayo pia iliruhusu fedha ya vita vya pili vya dunia kugawanywa kwa mara ya mwisho.